Karatasi Zake Zimo Kwenye Kasha la Mtu Mwingine

Ukitaka kusoma barua za Harriet Jacobs, mtafute kwanza Amy Post. Jacobs alizaliwa utumwani Edenton, North Carolina, yapata mwaka 1813. Alimtoroka bwana wake, akajificha karibu miaka saba katika upenyo mdogo chini ya paa la nyumba ya bibi yake, kisha akafanikiwa kufika kaskazini. Mwaka 1861 kitabu alichoandika juu ya maisha yake, Incidents in the Life of a Slave Girl, kilichapishwa Boston, lakini jina lake halikuwamo: msimulizi aliitwa Linda Brent. Miaka ilivyosonga, wasomi wengi walishikilia kwamba ile ni riwaya tu, na kwamba mtunzi ni mhariri wake, Lydia Maria Child. Aliyeivunja hoja hiyo ni Jean Fagan Yellin. Katika karatasi za Isaac na Amy Post, zilizohifadhiwa Chuo Kikuu cha Rochester huko New York, alizikuta barua ambazo Jacobs alimwandikia rafiki yake Amy akimweleza jinsi kazi ya kukiandika kitabu inavyokwenda. Yellin alichapisha makala mwaka 1981, na mwaka 1987 akatoa toleo jipya la kitabu, safari hii kikiwa na jina la mwenyewe.

Habari hiyo naitanguliza kwa sababu ndiyo kanuni ya kwanza ya kazi hii. Mwanamke wa Marekani wa karne ya 18 au 19, hata kama alikuwa mwandishi mashuhuri, mara nyingi hakuacha mkusanyiko wenye jina lake juu ya kasha. Barua hukaa kwa aliyepokea, si kwa aliyeandika. Mswada hubaki kwa mchapishaji, au kwa dada, au kwa mume. Na kama mwandishi alikuwa mtumwa, habari zake huenda zimo katika shajara na hesabu za yule aliyedai kummiliki. Anayeandika jina la mwandishi kwenye kisanduku cha kutafutia, akaona halijitokezi, akafunga kompyuta, amekata tamaa mapema mno.

Kwa hiyo kabla hujafungua tovuti yoyote chukua karatasi uandike majina. Anza na yake yote: la kuzaliwa, la ndoa, la kubuni. Phillis Wheatley, aliyeletwa Boston kutoka Afrika Magharibi mwaka 1761 akiwa mtoto, alipewa jina la merikebu iliyomleta na ukoo wa waliomnunua. Alipoolewa na John Peters mwaka 1778 akawa Phillis Peters, na anayetafuta Wheatley peke yake atakosa baadhi ya alama zake za mwisho. Louisa May Alcott, ambaye wengi wanamjua kwa Little Women, aliandika pia hadithi za visasi na hila kwa jina la A. M. Barnard. Siri hiyo ilifichuliwa na Leona Rostenberg, akiwa na rafiki yake Madeleine Stern, walipokuwa wakisoma karatasi za Alcott katika Maktaba ya Houghton, Chuo Kikuu cha Harvard. Huko walikuta barua za mchapishaji mmoja wa Boston zinazomtaja kwa jina hilo. Rostenberg alitangaza habari hiyo mwaka 1943, zaidi ya nusu karne baada ya mwandishi kufariki.

Ukimaliza majina yake, andika ya watu waliomzunguka: aliowaandikia, waliomchapisha, waliosali naye, walioishi jirani. Wheatley alikuwa na rafiki Newport, Rhode Island, aitwaye Obour Tanner, naye pia mwanamke mtumwa. Barua alizomwandikia ziko Massachusetts Historical Society, Boston. Mwaka 1775 alimwandikia George Washington, naye Washington akajibu mwaka uliofuata. Barua hizo mbili unaweza kuzisoma leo ukiwa Tanga au Bujumbura bila kulipa chochote, katika tovuti ya Founders Online ya hifadhi ya taifa ya Marekani, lakini zimewekwa miongoni mwa karatasi za Washington. Tovuti ya SNAC nayo inafaa kwa kazi hii hii: haikuonyeshi tu nani ana mkusanyiko wapi, bali nani alihusiana na nani, hata ukajua ubishe mlango gani unaofuata.

Kuhusu mahali, utashangaa jinsi mambo yalivyojazana New England. Si ajabu, maana huko jumuiya za kuhifadhi karatasi zilianza zamani: Massachusetts Historical Society mwaka 1791, American Antiquarian Society ya Worcester mwaka 1812. Vyuo viwili vilianzisha hifadhi za wanawake karibu wakati mmoja, Smith College mwaka 1942 na Radcliffe mwaka 1943. Hii ya pili ndiyo Schlesinger Library ya sasa, na karatasi za familia ya Harriet Beecher Stowe ni sehemu ya hazina yake. Kwa waandishi weusi usiiruke Moorland-Spingarn ya Chuo Kikuu cha Howard, Washington, ambako shajara za Charlotte Forten Grimké zimehifadhiwa. Lakini usifungwe na ramani hiyo. Judith Sargent Murray, aliyetetea usawa wa wanawake kwa makala yake ya mwaka 1790, alikuwa mtu wa Gloucester, Massachusetts, na kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba karatasi zake zimepotea. Mwaka 1984 madaftari yake 20 ya nakala za barua yalipatikana Natchez, Mississippi, maelfu ya kilomita kutoka kwao. Ndiko alikohamia uzeeni kumfuata binti yake, na ndiko alikofia mwaka 1820. Sasa yako katika hifadhi ya jimbo hilo, mjini Jackson. Fuata alikozikwa kama unavyofuata alikozaliwa.

Kwa msomaji wa pwani yetu kuna jambo dogo la pembeni. Charlotte Forten alianza shajara yake mwaka 1854 akiwa mwanafunzi Salem. Mji huo huo ndio uliokuwa ukituma merikebu Unguja kuuza nguo na kununua pembe za ndovu na sandarusi, na sandarusi hiyo ilisafishwa kiwandani hapo hapo Salem. Karatasi za Richard Waters, balozi mdogo wa kwanza wa Marekani aliyefika Zanzibar mwaka 1837, zinatunzwa na Phillips Library ya Peabody Essex Museum, ambayo chumba chake cha kusomea sasa kiko Rowley. Ukiwa na safari ya kumfuata Forten, tenga muda upite na huko.

Sasa umepata mkusanyiko. Kila hifadhi nzuri huwa na mwongozo wa mkusanyiko: waraka unaoeleza makasha ni mangapi, kila jalada lina nini, na karatasi zilifikaje pale. Wengi hukimbilia orodha ya majalada. Mimi nakushauri uanze na ile aya kavu ya historia ya umiliki, inayosema nani alimpa nani, mwaka gani. Mara nyingi aya hiyo inaeleza kwa nini kitu fulani hakimo.

Mfano ulio bora ni Emily Dickinson wa Amherst, Massachusetts. Alipofariki Mei 1886 alikuwa amechapisha mashairi kama kumi tu, bila jina. Ndugu yake Lavinia akakuta chumbani mamia kwa mamia ya mengine, mengi yameandikwa kwa usafi kwenye vijitabu alivyovishona kwa uzi mwenyewe. Yote pamoja yanakaribia 1,800. Lavinia akampelekea wifi yao Susan, mke wa kaka yao Austin, aliyeishi nyumba ya jirani. Susan alipokawia, kazi akapewa Mabel Loomis Todd, ambaye alikuwa hawara wa Austin. Ndiye, pamoja na Thomas Wentworth Higginson, aliyetoa kitabu cha kwanza mwaka 1890. Austin akafa mwaka 1895, ukazuka ugomvi wa kipande cha ardhi hadi mahakamani, na Todd akazifungia sandukuni karatasi zilizobaki kwake. Upande wa Susan ulirithiwa na binti yake, ukapita kwa mrithi mwingine, ukafika Harvard mwaka 1950. Upande wa Todd ulibaki kwa binti yake, Millicent Todd Bingham, aliyeukabidhi Chuo cha Amherst mwaka 1956. Kwa hiyo kazi ya mwanamke mmoja aliyetoka nyumbani kwa nadra imegawanyika kati ya miji miwili kwa sababu ya mapenzi ya kaka yake na shauri la kiwanja. Hapana mwongozo utakaokuambia hivyo kwa maneno hayo, lakini miaka na majina yamo, ukiyasoma kwa jicho la mtu anayezijua kesi za mirathi.

Tangu mwaka 2013 picha za hati hizo zinaonekana pamoja kwenye tovuti ya Emily Dickinson Archive. Hapo ndipo pa kujifunzia kusoma. Weka shairi lililochapwa upande mmoja na picha ya hati upande wa pili, ukiangalia kilichoachwa. Utaona alama ndogo za msalaba juu ya baadhi ya maneno. Chini ya ukurasa kuna neno jingine, pengine matatu, ambayo mshairi aliyaweka kama badala bila kuamua. Wahariri wa mwanzo waliamua kwa niaba yake, wakanyoosha vina, wakatia na vichwa vya mashairi. Utaona pia mwandiko ukibadilika: ujanani herufi zimeshikana, uzeeni kila moja imesimama peke yake. Mabadiliko hayo ndiyo yaliyowasaidia wahariri kukadiria tarehe, maana mashairi yenyewe hayana. Na vijitabu vilivyokuwa vimefumuliwa, R. W. Franklin alivipanga upya kwa kufuata matundu ya sindano, madoa na mikunjo, kisha akatoa nakala za picha mwaka 1981. Ni moja ya kazi za uchunguzi ninazoziheshimu sana.

Mwandiko wa karne ya 18 utakusumbua siku za kwanza. Herufi s katikati ya neno hurefushwa ikafanana na f. Maneno hufupishwa, na herufi ya mwisho hupandishwa juu kidogo. Karatasi na posta zilikuwa ghali, kwa hiyo mara nyingine mwandishi akimaliza ukurasa huigeuza karatasi akaandika tena kwa kukatiza mistari ya kwanza. Ukubwa wa picha uongeze, usome mwelekeo mmoja tu hadi mwisho ndipo ugeukie wa pili. Chora jedwali la herufi za mwandishi wako kutokana na maneno usiyo na shaka nayo, kama majina ya miji na siku, ulitumie kwa yale magumu. Nakili kama ilivyoandikwa, makosa ya tahajia yakiwemo, na neno usilolisoma vizuri liweke kwenye mabano ya mraba likiwa na alama ya kuuliza. Usilisahihishe kimyakimya. Kwa tarehe za kabla ya 1752 jihadhari zaidi: makoloni ya Uingereza yalihesabu mwaka mpya kuanzia Machi 25, kwa hiyo Februari ya mwandishi inaweza kuwa ya mwaka unaofuata kwa hesabu yetu, na mara nyingi utakuta miaka miwili imeandikwa kwa mkwaju, kama 1711/12. Kumbuka vilevile kwamba daftari la nakala, kama yale ya Murray, linaonyesha alichochagua kukitunza, na barua iliyosafiri huenda ilikuwa na maneno tofauti.

Karatasi yenyewe ni shahidi. Mwaka 2001 Henry Louis Gates Jr. alinunua mnadani mswada uitwao The Bondwoman's Narrative, uliotiwa saini ya Hannah Crafts, anayejieleza kuwa mtumwa aliyetoroka North Carolina. Kabla yake ulikuwa mali ya Dorothy Porter Wesley, mkutubi wa Howard aliyeununua mwaka 1948 kwa sababu aliuamini wakati wengine hawakujali. Gates alimpa mtaalamu wa hati auchunguze. Wino ulikuwa ule wa chumvi ya chuma na vinundu vya mwaloni, kalamu ilikuwa ya unyoya, karatasi ni ya miaka ya 1850. Masahihisho yalikuwa yamefanywa kwa kubandika vipande vya karatasi, na vibandiko vikagandamizwa kwa kile kikofia anachovaa mshonaji kidoleni. Mkono uliozoea sindano, basi. Mwandishi mwenyewe ni nani? Gregg Hecimovich amejenga hoja kwamba ni Hannah Bond, mtumwa wa familia ya John Hill Wheeler, na karatasi za bwana huyo, shajara zake zikiwamo, ziko Maktaba ya Bunge la Marekani. Umeona tena tulikorudi: kwa kasha lenye jina la mtu mwingine. Mswada sasa uko Maktaba ya Beinecke, Chuo Kikuu cha Yale.

Picha zina hatari yake, nayo ni kwamba tunaziamini haraka. Anza na kalenda. Upigaji picha ulitangazwa duniani mwaka 1839, kwa hiyo mwandishi aliyekufa kabla ya hapo hana picha, hata mitandao iseme nini. Sura ya Wheatley tunayoijua, akiwa na kalamu mkononi na kidole shavuni, ni mchoro uliochapwa mbele ya kitabu chake London mwaka 1773. Picha za mwanzo, dagerotipu, zilitolewa juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha. Hazikuwa na nakala, na sura ilitoka kinyume kama kwenye kioo. Pete unayoiona mkono wa kulia huenda ilikuwa wa kushoto. Baadaye, kuanzia miaka ya 1850, zikaja picha ndogo za karatasi zilizobandikwa kwenye kadi, rahisi kuchapwa kwa wingi. Sojourner Truth, ambaye hakujua kusoma wala kuandika na kitabu chake cha 1850 alimsimulia mwingine, alizifanya biashara: aliuza kadi za sura yake kujikimu, na mwaka 1864 akazisajilia hakimiliki. Angalia nyuma ya kadi. Jina la studio na mtaa wake hukupa tarehe ya uhakika zaidi kuliko nguo alizovaa mtu.

Dickinson ana picha moja tu iliyothibitishwa kama mtu aliyefikia umri wa kujitambua, dagerotipu ya karibu mwaka 1847 iliyoko Chuo cha Amherst. Familia haikuipenda. Baada ya kifo chake zikatengenezwa nakala zilizotiwa mawimbi kwenye nywele na kola ya marinda, na hizo bado zinazunguka. Mwaka 2012 ikatangazwa dagerotipu ya pili, ya wanawake wawili wameketi, na waliodai kuwa mmoja ni yeye walipima hadi umbo la macho. Huenda. Lakini picha hiyo ilitoka kwa mnunuzi wa vitu vya kale, haina mlolongo wa umiliki unaoifikisha nyumbani kwa Dickinson, na mimi nisingeiweka kwenye jalada la kitabu bila neno la tahadhari.

Kama unachokitaka hakijapigwa picha, andika barua pepe. Iwe fupi, kwa Kiingereza cha kawaida: wewe ni nani, unaandika nini, unahitaji mkusanyiko gani, kasha lipi, jalada lipi, kurasa chache zipi. Anayeomba kila kitu kuhusu mwandishi fulani hupewa kiungo cha tovuti na kutakiwa kila la heri; anayetaja kasha na jalada husaidiwa. Uliza gharama kabla hujaagiza. Ukijaliwa kwenda, jisajili na uagize makasha mapema, kwa sababu mengine hutunzwa nje ya jengo. Chumbani utaingia na penseli, kompyuta na simu isiyo na mwanga wa kupigia picha. Begi na kalamu ya wino vitabaki nje. Jalada moja kwa wakati, na mpangilio wa karatasi usiuguse hata ukiuona umekosewa. Mwambie mtunza nyaraka. Kwa hati zilizochoka sana utaelekezwa kwenye nakala za picha, na kubishana hakutasaidia.

Kila picha unayopiga au kupakua, andika papo hapo jina la hifadhi, mkusanyiko, kasha na jalada. Kazi hiyo ukiiahirisha hadi jioni, utakuwa na picha mia za mwandiko mmoja usizojua zimetoka wapi.

La mwisho ni haki. Uzee wa karatasi hauifanyi kuwa mali ya wote. Kilichochapishwa Marekani miaka zaidi ya 95 iliyopita ni huru, lakini hati isiyowahi kuchapishwa hufuata hesabu nyingine, na iliyochapishwa kwa mara ya kwanza miaka ya karibuni inaweza kuwa bado chini ya ulinzi. Anayetaka kumtafsiri Dickinson kwa Kiswahili atakutana na hili mara moja: matoleo ya miaka ya 1890 yako huru ila yamechezewa, na matoleo yaliyo karibu na hati, la Thomas Johnson la 1955 na la Franklin la 1998, Harvard inadai hakimiliki yake. Ukitafsiri kwa ajili ya kuchapisha, ama fuata matoleo ya zamani ukiwa umeifungua picha ya hati pembeni, ama omba ruhusa kwa maandishi. Vyovyote utakavyofanya, taja kwenye dibaji ni toleo gani umefuata, na pale mshairi alipoacha maneno mawili bila kuchagua, mpe msomaji wako yote mawili.